Barua ya wazi kwa wakuu wa viwango na ununuzi wa umma Afrika Mashariki: viwango vya intaneti vitambuliwe kwa hadhi vilivyo nayo

Kwa Wakurugenzi Wakuu wa mashirika ya viwango ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa wajumbe wa Kamati ya Viwango ya Afrika Mashariki. Na kwa wakuu wa mamlaka zinazosimamia mawasiliano na ununuzi wa umma.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu jambo ambalo kwa kawaida huishia mezani kwa maofisa ununuzi na wakaguzi, ingawa uamuzi wake uko mikononi mwenu: ni lini waraka wa kiufundi unaoendesha intaneti uhesabiwe kuwa kiwango, na nani anapaswa kulisema hilo ili taasisi ya umma iweze kuutaja kwenye zabuni bila kuogopa hoja ya ukaguzi. Kazi yangu ni mitandao. Sehemu kubwa ya kazi hiyo siku hizi ni kuandika na kupitia masharti ya kiufundi ya zabuni, na humo ndimo ninamoiona hasara ya swali hili kuachwa bila jibu.

Nianze na barua pepe, kwa kuwa kila wizara na kila halmashauri inayo. Ili tapeli asiweze kutuma ujumbe kwa jina la kikoa cha serikali (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), zipo itifaki tatu, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta, zinazofanya kazi kwa pamoja. SPF huorodhesha ndani ya DNS, mfumo wa intaneti unaohifadhi taarifa za vikoa, seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa. DKIM huweka saini ya kidijitali kwenye barua inayotoka, na anayeipokea huihakiki kwa ufunguo uliochapishwa kwenye DNS hiyohiyo. DMARC huziunganisha hizo mbili na kumweleza mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa kujithibitisha: aipitishe, aiweke kando au aikatae kabisa. Hakuna mhandisi wa barua pepe atakayewashauri kuchukua moja na kuziacha nyingine. Hata hivyo hadhi zake rasmi hazilingani. DKIM, iliyo katika RFC 6376 ya Septemba 2011 (RFC, Request for Comments, yaani ombi la maoni, ni mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti), ni Kiwango kamili cha Intaneti chenye namba STD 76. SPF, iliyo katika RFC 7208 ya Aprili 2014, ni Kiwango Pendekezwa, ngazi iliyo chini ya hiyo. DMARC nayo, ilipotolewa Machi 2015 kama RFC 7489, haikuwa kiwango cha ngazi yoyote. Ulikuwa waraka wa taarifa, uliopitia mkondo huru wa RFC bila kupita kwenye maafikiano ya IETF, chombo cha wahandisi kinachotengeneza viwango vya intaneti, na ukurasa wake wa kwanza unalitamka hilo waziwazi.

Sasa tazameni yaliyofuata. Oktoba 2017 wizara ya usalama wa ndani ya Marekani iliziagiza taasisi za serikali ya shirikisho ziweke DMARC kwenye vikoa vyao. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwadai watumaji wa barua nyingi wawe na SPF, DKIM na DMARC, la sivyo barua zao zitakataliwa au zitatupwa kwenye taka. Waraka uliozaliwa bila cheo ukawa sharti la dunia nzima, huku kikundi kazi cha IETF kikiendelea kuuandika upya ili uingie kwenye njia ya viwango. Yaani utambuzi wa umma ulitangulia, na hadhi rasmi ikafuata nyuma kwa mwendo wake.

Katika zabuni moja niliyopata kuipitia, ya taasisi ambayo sitaitaja, sharti liliandikwa kwamba mfumo wa barua pepe "uzingatie viwango vya ISO vya usalama wa barua pepe", yaani vya Shirika la Kimataifa la Viwango. Mzabuni mmoja alileta usanidi kamili wa itifaki zote tatu pamoja na matokeo ya majaribio. Akakatwa alama kwa kuwa hakuweza kuonyesha hati ya ISO yenye jina la DKIM. Mwingine alileta cheti cha ISO/IEC 27001 cha kampuni yake, ambacho kinahusu namna kampuni inavyosimamia usalama wa taarifa zake na hakithibitishi kwamba barua ya mteja itatiwa saini. Akapewa alama zote. Sina sababu ya kudhani kwamba kamati ya tathmini ilihongwa wala kwamba ilizembea. Ilifuata karatasi iliyokuwa mbele yake, na karatasi hiyo iliandikwa na mtu aliyejua kwamba sheria inataka "viwango" na hakujua mahali pengine pa kuvitafuta.

Kosa hilo lina chanzo kinachoeleweka. Katika saruji, maziwa, nyaya za umeme na mafuta ya kula, kiwango huja kwa njia tuliyoizoea: kamati ya kitaifa au ya Jumuiya hukaa, hutazama kazi ya vyombo vya kimataifa kama ISO, IEC au Codex, hutoa rasimu, hupokea maoni, kisha kiwango hutangazwa kwenye gazeti la serikali na kupewa namba inayoanza na TZS, KS, US au EAS (Tanzania, Kenya, Uganda au Afrika Mashariki). Intaneti haikujengwa kwa njia hiyo. RFC ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker Aprili 1969, akiwa mwanafunzi, na jina lenyewe la mfululizo huo liliomba maoni kwa unyenyekevu badala ya kuamuru. IETF, chombo ambacho leo ndicho kinachotengeneza sehemu kubwa ya itifaki hizo, kilikutana kwa mara ya kwanza Januari 1986 huko San Diego kikiwa na watu 21. Hakina wanachama, hakina ada ya uanachama, na serikali haina kiti humo kwa kuwa ni serikali. Mtu hushiriki kwa jina lake mwenyewe, na kazi kubwa hufanyika kwa barua pepe.

Wapo wanaosikia maelezo hayo wakahitimisha kwamba basi ni kijiwe cha mafundi kisichofaa kutajwa kwenye waraka wa serikali. Naomba mtazame utaratibu wenyewe kabla ya kukubaliana nao. Pendekezo huanza kama Rasimu ya Intaneti, ambayo huisha muda wake baada ya miezi 6 isipofanyiwa kazi. Likichukuliwa na kikundi kazi, hujadiliwa hadharani, na kila ujumbe hubaki kwenye kumbukumbu zinazosomeka na yeyote. Kura hazipigwi; mwenyekiti hupima maafikiano ya jumla, na mkutanoni huweza kuwaomba waliohudhuria wagune ili asikie upande upi una uzito. Mguno huo wenyewe hauamui jambo: kazi ya mwenyekiti ni kuonyesha kwamba kila pingamizi la kiufundi limesikilizwa na kujibiwa, hata kama mwenye pingamizi hakuridhika. Baada ya hapo hutolewa wito wa mwisho kwa jumuiya nzima, wa wiki 2 au zaidi, kisha baraza la IESG, linalosimamia kazi za kiufundi za IETF, hukagua, na mjumbe mmoja tu anaweza kuusimamisha waraka mpaka hoja yake ijadiliwe. Anayeona utaratibu umekiukwa ana haki ya kukata rufaa kwa ngazi, na ngazi hizo zimeandikwa tangu Oktoba 1996 katika RFC 2026. Nimewahi kukaa kwenye kamati za viwango ambazo kumbukumbu za majadiliano yake hazipatikani hata kwa barua yenye muhuri.

Hapa pana ugumu ambao nisingependa kuuficha: si kila RFC ni kiwango. Zipo zaidi ya 9,000, na ndani yake kuna viwango, taarifa, majaribio, taratibu bora za sasa (BCP), nyaraka zilizostaafishwa na hata mizaha ya tarehe 1 Aprili. RFC 1149 ya mwaka 1990 inaeleza namna ya kusafirisha pakiti za intaneti kwa njiwa, na mwaka 2001 kikundi cha wapenzi wa kompyuta huko Bergen, Norwei, kiliitekeleza kwa njiwa halisi. Zabuni inayosema tu kwamba vifaa "vizingatie RFC" imewakaribisha njiwa hao. Tatizo hili lilijulikana zamani. Aprili 1995 ilitolewa RFC 1796 kwa ajili ya kuonya kwamba RFC si lazima iwe kiwango, kwa kuwa tayari walikuwapo wauzaji waliokuwa wakiitumia namba ya RFC kama nembo ya ubora.

Kutofautisha si kazi ngumu kwa anayejua pa kutazama. Fungueni RFC 8446, inayoeleza TLS 1.3, itifaki inayoyafunga kwa siri mawasiliano ya tovuti. Juu kushoto, mstari wa kwanza unataja chombo kilichoutoa waraka, IETF. Chini yake ni namba. Kisha namba za RFC zilizofutwa nayo, yaani 5077, 5246 na 6961. Kisha zile ilizozirekebisha. Na mwisho kundi lake, ambalo ni njia ya viwango. Fungueni pia RFC 7489 niliyoitaja hapo juu: mstari wa kwanza unasema ni wasilisho huru, na kundi lake ni taarifa. Mistari hiyo miwili inatosha kumwongoza ofisa ununuzi. Jambo moja tu halionekani hapo: mstari wa kundi hausemi waraka ulio kwenye njia ya viwango umefika ngazi gani, kwa sababu ngazi inaweza kupanda baadaye bila waraka kubadilishwa hata herufi moja. Hilo hutazamwa kwenye ukurasa wa RFC husika katika tovuti ya Mhariri wa RFC, bure, kwa dakika moja.

Ngazi zenyewe zilikuwa 3 na tangu Oktoba 2011, kwa RFC 6410, zimebaki 2: Kiwango Pendekezwa na Kiwango cha Intaneti. Ili waraka upande kutoka ya kwanza kwenda ya pili, lazima ziwepo angalau programu 2 zilizotengenezwa na watu tofauti na zinazoelewana, matumizi yawe yameenea, na pasiwepo masahihisho yatakayozivunja programu mpya zisielewane na zilizokwisha kuwekwa. Ni kipimo kizuri kuliko vingi ninavyovijua, maana kinadai ushahidi kutoka kwenye mitambo inayofanya kazi. Lakini ni watu wachache wanaojisumbua kukiomba. Mhandisi aliyemaliza itifaki, akaiona inatumika duniani kote, hana motisha ya kurudi kujaza makaratasi ili ibadilishiwe cheo.

Matokeo yake ni kwamba neno "Pendekezwa" linawatisha watu wasiostahili kutishika. Hakuna toleo lolote la TLS, kuanzia la mwaka 1999, lililowahi kufika ngazi ya juu. Yote yalitolewa yakiwa Viwango Pendekezwa, na juu yake kila benki ya ukanda huu inafungua tovuti yake na kila mlipakodi anatuma ritani yake. IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, iliandikwa upya Desemba 1998 katika RFC 2460 na ikawa Kiwango kamili cha Intaneti, STD 86, Julai 2017. Katikati ya tarehe hizo mbili, Februari 2011, akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4, mfumo wa zamani, ilikuwa imekwisha kugawiwa yote. Mnunuzi aliyesubiri cheo kikamilike ndipo adai IPv6 kwenye ruta zake alinunua, kwa miaka zaidi ya 18, vifaa vinavyohitaji anwani zilizokuwa zikielekea kwisha. IETF yenyewe ililiona hilo. RFC 2026 ilikuwa imewaonya watekelezaji wavichukulie Viwango Pendekezwa kama nyaraka ambazo hazijakomaa. Januari 2014 RFC 7127 ikaliondoa onyo hilo na kueleza kwamba ukaguzi umekuwa mkali kiasi kwamba waraka wa ngazi hiyo tayari umekomaa na unafaa kuwekwa kwenye intaneti. Mwongozo wa zabuni unaodai ngazi ya juu pekee unatekeleza onyo lililofutwa zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Najua jibu litakalokuja: tusubiri ISO au ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) wavichukue, nasi tuvichukue kutoka kwao. Mara nyingine hilo hutokea. JSON, muundo wa data unaotumiwa na karibu kila programu ya simu, una mihuri 3 kwa maandishi yanayokubaliana: RFC 8259 ya Desemba 2017, ambayo ni STD 90, ECMA-404 ya chombo cha viwango cha Ecma, na ISO/IEC 21778:2017. Ila tazameni mwongozo wa W3C, chombo kinachotengeneza viwango vya wavuti, wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, WCAG. Toleo 2.0 la mwaka 2008 lilipewa namba ISO/IEC 40500 mwaka 2012. W3C ikatoa toleo 2.1 mwaka 2018 na 2.2 mwaka 2023, na toleo 2.2 lilipotoka, namba ya ISO ilikuwa bado imebeba maandishi ya mwaka 2008. Simu janja ndiyo kwanza ilikuwa inaanza wakati huo. Taasisi iliyofunga mkataba wake kwa namba ya ISO ilikuwa na haki ya kudai tovuti inayofaa kompyuta za mezani za wakati ule, na mkandarasi aliyeipuuza simu hakuvunja mkataba.

Na pale serikali zilipojaribu kuchagua kwa kutazama muhuri tu, gharama ilionekana. Marekani ilichapisha mwaka 1988 sharti la kutumia itifaki za OSI, zilizotengenezwa kupitia ISO kwa hadhi zote za kiserikali, na kuanzia Agosti 1990 taasisi za shirikisho zilitakiwa kuzinunua. Zilizonunuliwa nyingi hazikutumika. Watu waliendelea na TCP/IP, itifaki za intaneti zilizokuwa zikifanya kazi. Mwaka 1995 sharti hilo lililegezwa, na itifaki za intaneti zikaruhusiwa rasmi. Sisemi kwamba vyombo rasmi havina mchango. Cheti kinacholinda tovuti ya benki yenu kimejengwa juu ya X.509, ambayo ni kazi ya ITU ya mwaka 1988, nayo IETF ikaiwekea masharti ya matumizi kwenye intaneti katika RFC 5280. Alama inayoitambulisha lugha ya ukurasa huu kwa kompyuta, sw, imetoka kwenye orodha ya ISO 639, na namna ya kuiandika sw-TZ au sw-KE imewekwa na IETF katika BCP 47. Vyombo hivi vinaazimana kila siku. ITU-T, kitengo cha viwango cha ITU, inayo hata kanuni yake, Pendekezo A.5, inayoeleza namna ya kuzitaja nyaraka za vyombo vingine ndani ya mapendekezo yake. Nchi zenu ni wanachama wa ITU. Kwa hiyo mnaitambua RFC tayari, kwa mlango wa nyuma.

Mlango wa mbele nao uko wazi zaidi ya inavyodhaniwa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu vikwazo vya kiufundi haukutaja orodha ya vyombo vyenye haki ya kutoa viwango vya kimataifa. Kamati yake, Novemba 2000, iliweka kanuni 6 za kukitambua kiwango cha kimataifa: uwazi, milango kuwa wazi kwa wote, kutopendelea pamoja na maafikiano, ufanisi na umuhimu, upatanifu, na kuzijali nchi zinazoendelea. Kipimo hapo ni namna kiwango kilivyotengenezwa. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Kenya ya mwaka 2015 kinataka masharti ya kiufundi, pale inapofaa, yajengwe juu ya viwango vya kitaifa au vya kimataifa. Kinachokosekana ni sauti ya mamlaka inayotamka kwamba kiwango cha IETF kimo ndani ya "kimataifa". Bila sauti hiyo, kila ofisa huamua peke yake, na ofisa mwenye busara huchagua usalama wake mwenyewe.

Ukanda wetu unajua kinachotokea kitu kinapofanya kazi vizuri huku hakina jina katika sheria. Novemba 2000 watoa huduma wa intaneti wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana trafiki jijini Nairobi, KIXP, ili barua ya kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili isizunguke ng'ambo kwa setilaiti. Haukupita mwezi kikafungwa na mdhibiti, baada ya kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba kulalamika kwamba kinaendesha shughuli inayohitaji leseni. Hakuna aliyedai kwamba kina hitilafu ya kiufundi. Kilirudi mwanzoni mwa mwaka 2002, baada ya kutafutiwa kitambulisho kisheria.

Umoja wa Ulaya, ambao nao kisheria ulizitambua taasisi chache tu za viwango, ulikutana na tatizo hilihili. Kanuni yake namba 1025 ya mwaka 2012 iliacha mfumo wa viwango rasmi kama ulivyo, kisha katika kifungu cha 13 ikaiwezesha Kamisheni kuzitambua nyaraka za kiufundi za vyombo vingine ili zitajwe kwenye ununuzi wa umma, mradi zitimize masharti ya kiambatisho: chombo kisiwe cha kibiashara, mchakato uwe wazi, uamuzi uwe wa maafikiano, kumbukumbu zipatikane, waraka upatikane kwa masharti ya haki, na soko liwe limeukubali. Aprili 2014 ukatoka uamuzi wa kwanza wa namna hiyo, na ndani yake zikawemo IPv6, DNSSEC (ulinzi wa DNS kwa saini za kidijitali) na DKIM. Hazikuandikwa upya kuwa viwango vya Ulaya. Zilitambuliwa zikiwa palepale zilipo, kwa jina na namba zake.

Ninachowaomba ni kitu cha namna hiyo, kwa uzito wa Jumuiya. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji inazitaka nchi wanachama kukichukua kiwango cha Afrika Mashariki ndani ya miezi 6 tangu kitangazwe, bila kuyabadili maandishi yake. Ni chombo chenye nguvu, ila kwa itifaki za intaneti si chombo sahihi. Kiwango cha EAS kinachonakili RFC kitazeeka siku IETF itakapotoa nyingine, na kamati haitakutana haraka kiasi hicho. Pia liko suala la hakimiliki ambalo wanasheria wenu watapenda kulijua mapema: masharti ya IETF, yaliyo katika BCP 78, yanaruhusu RFC kunakiliwa nzima na hata kutafsiriwa, lakini kwa kawaida hayaruhusu kuinyofoa na kuirekebisha kuwa kitu kingine nje ya mchakato wao. Marekebisho ya kitaifa mliyoyazoea kwenye viwango vya ISO hayatawezekana hapa. Nadhani ni heri yasiwezekane, kwa kuwa itifaki yenye toleo la Tanzania na toleo la Uganda si itifaki tena.

Basi Kamati ya Viwango itoe uamuzi mmoja unaovitambua viwango vya IETF, vya ngazi zote mbili, pamoja na taratibu bora za sasa na mapendekezo ya W3C, kuwa vinaweza kutajwa moja kwa moja kwenye ununuzi wa umma. Kwa nyaraka zilizo nje ya njia ya viwango ambazo hata hivyo zimekuwa za lazima kimatumizi, kama ilivyokuwa DMARC, iwepo orodha fupi inayopitiwa kila mwaka, na kila kilichomo kiandikiwe sababu yake. Mamlaka za ununuzi nazo zitoe sentensi ya mfano ya kutajia. Sentensi hiyo itaje namba ya waraka, kisha iseme "au waraka unaoufuta au kuurekebisha", na iweke tarehe ambayo toleo litahesabiwa, ambayo kwa maoni yangu iwe siku ya kukabidhi mfumo kuliko siku ya kufungua zabuni. Mkataba unaotaja RFC 5246 peke yake unadai TLS 1.2 hata baada ya 1.3 kutoka. Mbaya zaidi ni mkataba wa zamani unaotaja TLS 1.0, toleo ambalo Machi 2021 RFC 8996 ililiondoa rasmi kwenye matumizi: mkandarasi anayeutekeleza neno kwa neno anaweka mlango ambao wenye itifaki wamesema ufungwe. Hadhi hushuka pia, na mikataba yetu haina mahali pa kuliandika hilo.

Wapo watakaouliza kwa nini tukipe heshima chombo ambacho sauti yetu haisikiki ndani yake. Ni pingamizi la haki, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mlango wa IETF uko wazi, lakini wanaoupita kwa wingi ni wahandisi wanaolipwa na kampuni kubwa na vyuo vya nchi tajiri. Mikutano yake 3 ya mwaka, kwa sera iliyoandikwa, huzunguka Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia. Kwingineko huwezekana kama jambo la pekee. Kanuni ya 6 ya Kamati ile ya Shirika la Biashara Duniani, kuhusu nchi zinazoendelea, ndipo IETF inapopwaya. Lakini kukataa kuzitambua nyaraka zake hakutaongeza sauti yetu hata kidogo. Tutaendelea kuzitumia, maana hatuna nyingine, ila tutakuwa tunazitumia kimyakimya.

Kinachoweza kuongeza sauti ni ninyi kuwapa watu muda. Kila shirika la viwango lina kamati vivuli zinazofuatilia kazi za ISO, na bajeti ya safari zake. Anzisheni kamati kivuli ya intaneti yenye watu kutoka kwa mdhibiti, msajili wa vikoa wa nchi, vituo vya kubadilishana trafiki, vyuo na kampuni za simu. Kazi yake iwe kusoma rasimu zinazotugusa na kutuma maoni wakati wa wito wa mwisho, kwa jina la mhandisi mwenyewe kama utaratibu unavyotaka. Kushiriki kwenye orodha za barua pepe hakuna malipo. Tuna mambo ambayo mhandisi wa kule hayaoni mezani kwake: simu za bei ndogo zisizopokea masasisho, laini zinazokatika katikati ya muamala, vijiji vizima vinavyotumia anwani moja nyuma ya mtambo wa kampuni ya simu. Itifaki inayodai mizunguko 3 ya mazungumzo kabla ya kutuma chochote inaonekana nyepesi jijini Prague na ni nzito Namanga. Maoni ya namna hiyo yakiandikwa vizuri hayahitaji kura wala kiti cha serikali ili yajibiwe, kwa kuwa mwenyekiti wa kikundi kazi hana ruhusa ya kuliruka pingamizi la kiufundi.

Ningependa uamuzi ninaouomba uwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Kamati ya Viwango ya Afrika Mashariki, na rasimu yake itolewe kwa maoni ya umma kabla ya kupitishwa. Wakati huo ukisubiriwa, mamlaka za ununuzi zinaweza kuanza na waraka wa ukurasa mmoja kwa taasisi zote, unaosema kwamba kutaja kiwango cha IETF au cha W3C kwenye masharti ya kiufundi si hoja ya ukaguzi, na kwamba mzabuni asikatwe alama kwa kukosa namba ya ISO ya kitu ambacho ISO haijakiandika. Waraka huo hauhitaji sheria mpya.

Wenu katika kazi,

Mhandisi wa mitandao,
Dar es Salaam